Uzi wa ubuyu: kilichomo, namna ya kuutumia nyumbani, na uongo tunaouziwa

Binti_Mpwapwa:
Wakuu salama humu? Kila nikifungua uzi wa ubuyu nakuta ni yaleyale, mtu kabandika orodha ndefu ya magonjwa, ubuyu unatibu sukari, unatibu presha, nguvu za kiume, macho, figo, unatoa kitambi, halafu chini kabisa namba ya simu na "tunatuma mikoani". Mimi nimekulia Mpwapwa, kwetu ubuyu ni chakula tu, mama anauza unga sokoni na mimi nauza huku Dodoma mjini, kwaiyo nasema mapema kabisa kwamba nina maslahi, lakini hata mimi muuzaji naona sasa tumezidisha. Tufanye huu uzi uwe wa maana, kila mtu alete anachokijua kwa vitendo.

Naanza na kilichomo. Ubuyu unakaukia ndani ya ganda ukiwa bado uko juu ya mti, hauanikwi wala hauingii mashine ya kukaushia, ndo maana ukipasua buyu unakuta kitu cheupe kikavu kimeng'ang'ania mbegu pamoja na zile nyuzi nyekundu. Ule weupe ndio wenye vitamini C. Kiasi kinatofautiana sana, mti na mti, eneo na eneo, lakini kwenye vipimo vingi utakuta kati ya miligramu 150 na kukaribia 500 kwa gramu 100 za unga. Karibu nusu ya unga ni nyuzinyuzi, kalsiamu inafika kama miligramu 300, na potasiamu ipo ya kumwaga.

Sasa lile tangazo la "vitamini C mara sita ya chungwa" watu wanalipenda sana na mimi wateja wananisomea kwenye simu zao. Kwa mizani ni kweli inawezekana, ila angalia wanalinganisha nini na nini, unga mkavu kabisa na tunda ambalo sehemu kubwa ni maji. Hakuna mtu anakula gramu 100 za unga wa ubuyu kwa mkupuo, utakabwa. Mtu wa kawaida anaweka kijiko kimoja cha chakula au viwili kwenye glasi, tuseme kijiko ni gramu 10, maana yake kwa kijiko anapata miligramu 15 mpaka 50. FAO na WHO, yale mashirika ya chakula na afya ya Umoja wa Mataifa, wanasema mtu mzima anahitaji kama 45 kwa siku. Kwaiyo vijiko viwili kwa siku vinaweza kukutosha au kukaribia, ni jambo zuri sana hilo kwa kitu kinachookotwa chini ya mti, sasa uongo wa nini tena juu yake?

La pili ambalo linaniuma zaidi ni KUCHEMSHA. Jamani vitamini C haivumilii moto. Naona watu wanatia ubuyu kwenye sufuria, wanauchemsha mpaka mbegu zinabaki nyeusi tii, ndo wanachuja wanasema juisi imekolea. Umekunywa maji matamu yenye uchachu, ile vitamini uliyoifuata sehemu kubwa imeshaondoka.

Kwetu tunafanya hivi. Chukua ubuyu na mbegu zake, vikombe viwili, mimina maji safi ya kunywa yaliyopoa au ya uvuguvugu, kama lita moja na nusu, acha saa moja mpaka mbili, halafu koroga kwa mwiko au pekecha kwa mkono safi mpaka weupe wote uachie mbegu. Chuja kwa chujio la matundu makubwa kwanza, sio lile la chai, la chai litaziba utakasirika. Ukitaka laini zaidi chuja mara ya pili. Sukari weka mwisho. Ukiona nzito ongeza maji. Basi.

Kama una unga tayari ndo rahisi kabisa, unakoroga tu. Na kwenye uji, epua kwanza, uache upoe kidogo unaponyweka, ndio utie unga wa ubuyu. Ukitia ukiwa jikoni umefanya kazi bure.

Nimemaliza, karibuni.

kiroboto_wa_pasi:
Mimi nimeingia mbio nikajua kuna ubuyu wa mastaa, yaani umbea, kumbe ni ubuyu wa kula. Haya nimekaa, endeleeni

Mama Nasra:
Aleikum salaam Binti wa Mpwapwa. Mie niko Unguja, nauza ubuyu wa rangi tangu wanangu wako chuoni kwa maalim mpaka sasa wana wake zao. Hilo la moto nakubaliana nalo lakini watu wasije wakadhani na sisi tunauchemsha ubuyu wenyewe. Kinachochemshwa ni shira. Unaweka sukari na maji, unaiacha mpaka ukiichovya kidole inanata na kuvuta uzi, hapo unatia iliki ya kusaga, pilipili manga, pilipili ya unga kidogo, chumvi kidogo, arki ya vanila na rangi. Unazima moto ndo unamwaga ubuyu, unageuza geuza haraka mpaka kila mbegu ivae. Unautandaza kwenye sinia upoe. Ukichelewa kugeuza unakuwa bonge moja kama jiwe, utauvunja kwa mchi.

Ila mie siwadanganyi wateja wangu, ule ni utamu wa kumungunya, sio tunda la afya. Sukari ndo nyingi kuliko ubuyu. Na rangi, jamani rangi! Nunueni kwa mtu mnayemjua. Rangi ya chakula inauzwa dukani imeandikwa kwamba ni ya chakula, kuna wengine wanatia rangi ambayo ulimi unabaki mwekundu mpaka kesho yake, hiyo jiulize ni rangi ya nini. Mie siku hizi nauza na usiotiwa rangi, watoto hawautaki lakini mama zao wanautaka.

mkilifi254:
Huku kwetu Kilifi twaita mabuyu, na hayo ya rangi ndiyo watoto wote wa Mombasa wamekulia, ukitoka shule mkono mwekundu mdomo mwekundu huwezi kumdanganya mama kuwa pesa ya chai umenunua chai. Lakini mimi nataka kuongeza matumizi ya jikoni ambayo watu hawayataji. Mchuzi wa samaki. Ukikosa ukwaju au ndimu, loweka mabuyu kidogo kwa maji, chuja uje uzito kama tui la kwanza, utie mwisho mchuzi ukishaiva. Uchachu wake ni wa taratibu, haukati ulimi kama wa ndimu na unaupa mchuzi uzito bila kutia nyanya nyingi. Nyama ya mbuzi ngumu pia, ipake ule uji mzito wa mabuyu na kitunguu thaumu na chumvi, ilaze usiku, asubuhi yake ichome. Uchachu unailainisha.

Na majani yake machanga ni mboga, msisahau. Wazee wanayakausha, wanayatwanga, wanayaweka kwa kiangazi.

Binti_Mpwapwa:
@mkilifi254 hapo kwenye majani umenigusa, Wagogo tunayala kama mlenda. Yakikaushwa kivulini na kutwangwa yanakaa muda mrefu, kiangazi mboga zikipotea unatia kwenye maji yanayochemka na karanga za kusaga, ugali unashuka wenyewe. Wageni wanaona utelezi wanakunja sura lakini wakizoea wanaomba.

mzee_wa_mapera:
Samahanini naomba niwe yule mtu mbaya wa uzi. Mnasema vitamini C, vitamini C, mbona hamtaji pera? Pera bichi la mtaani, lile la kuangua kwa jirani, lina zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100 na hapo ni tunda lenye maji yake, sio unga. Unakula pera moja la wastani umemaliza hesabu ya siku nzima, hulipi hela ya nauli ya Dodoma wala ya pakiti yenye picha ya mbuyu na jua linazama. Sisemi ubuyu mbaya. Nasema ukiwa na mti wa mpera uani usiende kununua ubuyu kwa sababu ya vitamini C, utakuwa unajionea tu.

Binti_Mpwapwa:
Mzee wangu hujakosea hata kidogo, shikamoo. Ila pera lina msimu na likiiva leo keshokutwa lina funza. Ubuyu nauweka kwenye debe unakaa miezi na miezi. Kule kwetu kiangazi hakuna pera, hakuna chungwa, chungwa likifika limetoka Muheza kwa lori na bei yake unaiona. Ubuyu ndio tunda la ukame, kazi yake iko hapo. Hata Wahadzabe kule ziwa Eyasi ni chakula chao kikubwa, na wao hawapotezi, wanatwanga na mbegu zake wanakula.

Dogo_Temeke:
Wakuu mimi nauza barafu za ubuyu hapa Temeke, niwape siri ambayo watu wanachajiana hela kwenye semina. Barafu nyingi ngumu kama tofali sababu watu wanagandisha maji na sukari tu. Mimi napika uji mwepesi wa unga wa ngano, vijiko vitatu vinne vya chakula kwa lita tano, uchemke vizuri uive usiwe na harufu ya unga mbichi, naacha UPOE kabisa, ndo nachanganya na ubuyu niliouloweka na kuuchuja pembeni, sukari, vanila, iliki kidogo, naonja, nafunga naweka friza. Inakuwa laini unaing'ata kama askrimu. Na kama mleta mada alivosema ubuyu hauguswi na moto hata kidogo.

Maziwa sasa. Usimwage ubuyu kwenye maziwa ya moto, yanakatika, utapata vibonge na maji, nilimuona mwenzangu kakaa anakoroga analia. Maziwa yawe ya baridi na ubuyu uwe mwepesi uingie mwisho mwisho huku unakoroga, unywe au ugandishe hapo hapo. Hata hivyo yanaweza kushikana kidogo, lakini inakuwa kama mtindi, ladha nzuri tu.

Mama_kijacho:
Habarini. Naombeni msaada, nina mimba ya miezi mitano, kliniki wameniambia damu ndogo, jirani kaniambia ninywe ubuyu mwingi unaongeza damu kuliko vile vidonge vyekundu vinavyonitia kichefuchefu. Ni kweli?

Nesi_mstaafu:
Mwanangu Mama_kijacho usiache vidonge. Nimefanya kazi wodi ya wazazi muda mrefu na hili ndilo linalotuletea wagonjwa usiku. Nisikilize vizuri, damu inajengwa na madini ya chuma na foliki asidi, ndivyo viko kwenye hivyo vidonge, na ubuyu wenyewe chuma chake sio cha kutegemea kurudisha damu iliyoshuka. Kazi nzuri ya ubuyu ni nyingine, vitamini C inausaidia mwili kukinyonya chuma kilichoko kwenye maharage, kunde, mchicha, matembele. Kwaiyo kunywa glasi ya ubuyu PAMOJA na chakula chako cha maharage, sio badala ya vidonge. Na chai ya rangi iondoe kabisa kwenye muda wa chakula, chai inazuia chuma kunyonywa, watu wengi wanakula wali maharage wanashushia na chai, wanakuwa wamejenga na kubomoa. Ikae hata saa moja mbele au nyuma.

Kichefuchefu cha vidonge, waambie kliniki, wanaweza kukushauri umeze usiku kabla ya kulala au na chakula kidogo. Usinyamaze nacho.

Halafu kama wewe ni wa wale wanaokula udongo, ule unaoitwa pemba, hapo ndo nakuomba uhamie kwenye ubuyu mkavu wa kumungunya usio na sukari. Ule uchachu wanawake wengi unawatosheleza hamu, na udongo una minyoo na unazidi kuzuia chuma.

Mama_kijacho:
Asante sana mama. Udongo nakula sikufichi. Nitajaribu ubuyu, na vidonge narudi navyo leo

Nesi_mstaafu:
Hongera. Na wengine niendelee kidogo maana nimeona hapo juu orodha ya magonjwa.

Kuhara. Bibi zetu wanampa mtoto maji ya ubuyu akiharisha, na sio ujinga, anapata maji na potasiamu. Lakini mtoto anayeharisha anahitaji ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji, na vidonge vya zinki kwanza, vinapatikana kwenye vituo vya afya na maduka ya dawa. Ukikosa kabisa ORS usiku, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vya kufuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi, usizidishe chumvi. Macho yakidumbukia, analia bila machozi, anatapika kila kitu, kuna damu kwenye choo, beba mtoto nenda hospitali hata kama ni saa nane usiku.

Sukari. Kuna majaribio madogo yameonesha ubuyu ukichanganywa kwenye mkate, wanga unameng'enywa polepole zaidi, na ukinywewa pamoja na mkate sukari ya kwenye damu haipandi kwa kasi. Sasa watu wamelichukua hilo wamesema ubuyu UNATIBU kisukari. Hautibu. Na juisi yenyewe mnatia kikombe kizima cha sukari, mnategemea nini? Mwenye kisukari akitaka ubuyu aunywe mchachu, na dawa zake aendelee nazo.

Figo. Hapa nasema kwa herufi kubwa, MGONJWA WA FIGO ASIJIANZISHIE UBUYU. Mleta mada kasema potasiamu ipo ya kumwaga na ni kweli, kwa mtu mzima wa afya ni nzuri kwa presha, kwa mtu ambaye figo hazitoi potasiamu inarundikana na inaweza kusimamisha moyo. Muulizeni daktari wake.

Watoto wadogo msiwape ubuyu wenye mbegu, mbegu inapita pabaya. Wape uliochujwa. Na meno, ubuyu mchachu wenye sukari unaomungunywa saa nzima ni sherehe kwa wadudu wa meno, mtoto asukutue na maji akimaliza.

leicester_bongo:
Nesi umenena, ungekuwa jirani ningekuletea maandazi. Mimi niko Uingereza, huku unga wa ubuyu unauzwa maduka ya vyakula vya afya, kikopo kidogo kizuri kimeandikwa maneno mazito mazito, bei yake ukiibadilisha kwenda shilingi unaweza kukaa chini. Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuingizwa kama chakula kipya mwaka 2008 na Marekani wakafuata 2009. Chakula KIPYA jamani, bibi yangu alikuwa anakunywa kabla Ulaya hawajajua. Wenzangu kazini wanatia kijiko kwenye mtindi asubuhi na shayiri, na nikiri ni tamu hivyo, jaribuni. Ila na wao wameshaanza kuambiana kwamba unaondoa makunyanzi.

mkilifi254:
Na si unga pekee unaokwenda nje. Mwaka 2022 huku Kilifi mibuyu mizima, mikubwa ya wazee wetu, iling'olewa na mizizi ipelekwe nchi ya Georgia kupandwa kwa bustani, mpaka rais Ruto akaamuru uchunguzi. Mwenye shamba ukimuuliza asema anataka nafasi ya kupanda mahindi na amelipwa pesa. Mbuyu ukiupanda leo kwa mbegu utangoja miaka mingi, pengine hata 20, kuona buyu la kwanza, sasa hesabu wewe. Mimi nasema kama mabuyu yangekuwa yanalipa vizuri sokoni huyo mzee asingeuza mti.

Binti_Mpwapwa:
Hapo kwenye kulipa ndo penyewe. Anayepanda juu ya mbuyu anachukua hela ya sabuni tu, na kupanda mbuyu sio mchezo, wanapigilia vigingi kwenye shina wanapanda kama ngazi, watu wanaanguka. Wengi tunasubiri yadondoke au tunarusha magongo. Halafu dalali anapakia gunia anaondoka nalo, faida yote iko kwenye kusaga, kuchekecha na kufungasha. Ndo maana naomba watu wa vijijini wanunue kinu na chekeche nzuri, wauze unga, wasiuze gunia la mabuyu mazima.

salalah_kwetu:
Salaam. Niko Oman, na mnaweza msiamini ila huku Dhofar mibuyu ipo, imeota Wadi Hinna upande wa Mirbat, upande huu unaopata kharifu, yaani mvua za msimu wa joto. Watu wa Maskati wanakuja kupiga picha tu. Sisi wenye ndugu Unguja ubuyu wetu unakuja kwenye begi la mtu anayetoka likizo, na Ramadhani juisi ya ubuyu iko kwenye futari pamoja na tende. Jirani yangu ni Msudani na wao wanaloweka na kunywa hivyo hivyo, na yeye pia anasema mamake hachemshi. Swali langu, mafuta ya ubuyu vipi? Kuna dada anauza huku anasema kijiko asubuhi kijiko jioni.

Binti_Mpwapwa:
Swali zuri na hili najua wauzaji wenzangu watanichukia. Mafuta yanatoka kwenye MBEGU, hayana ile vitamini C, vitamini C iko kwenye unga. Kwaiyo mtu anayekuuzia mafuta kwa kukusomea sifa za unga anakupiga. Halafu mafuta ya mbegu za ubuyu yakiwa mabichi yana aina fulani ya asidi za mafuta, saiklopropeni, ambazo kwa wanyama wa maabara zimeonesha madhara, joto kali na usafishaji wa kiwandani ndio vinazipunguza. Mafuta yanayokamuliwa baridi mtaani na kutiwa kwenye chupa iliyotumika hayajapitia huko. Mimi nayauza, na ninamwambia mteja ni ya kupaka. Ngozi kavu ya kiangazi cha Dodoma, visigino vilivyopasuka, nywele zinazokatika kwa ukavu, yanasaidia vizuri, yanaingia kwenye ngozi hayabaki yanang'aa usoni. Kunywa, hapana. Huyo dada mwambie akupe bei ya kupaka.

Mbegu zilizokaangwa ni jambo jingine, watu wanakaanga vizuri wanasaga wanatia kwenye mboga kama karanga au wanachanganya na kahawa, hilo lipo siku zote.

kiroboto_wa_pasi:
Sasa maganda? Nina gunia limejaa maganda wife anataka kutupa

Binti_Mpwapwa:
Usitupe. Makubwa yaliyopasuka katikati yanakuwa kata ya kuchotea maji au bakuli la kuwekea chumvi, yasugue ndani na mchanga. Yaliyovunjika washia moto, yanawaka vizuri sana. Jivu lake lina potashi nyingi, wenye kujua kutengeneza sabuni ya kienyeji wanalipenda. Lingine mwaga kwenye bustani lakini kidogo kidogo, jivu likizidi udongo unaharibika.

mzee_wa_mapera:
Mimi nimeshindwa kukataa, mke wangu kasoma huu uzi kaagiza. Swali la mwisho la mtu mbishi, nitajuaje unga wangu haujachanganywa na unga wa mhogo? Maana huku mjini kila kitu kinachanganywa.

Binti_Mpwapwa:
Hahaha karibu kundini mzee. Weka kidogo ulimini. Ubuyu halisi unachachua na unayeyuka unabaki kama unakauka mdomo kidogo, wa mhogo unabaki bandiko halina ladha. Rangi isiwe nyeupe pee kama chaki, ubuyu una weupe wa krimu, na ukiuangalia vizuri utaona vinyuzi vidogo vyekundu vimepenya kwenye chekeche. Ukiwa wa kahawia sana umekaa muda mrefu au umepata unyevu, uache. Njia ya uhakika zaidi nunua wenye mbegu, hapo hawezi kukuchanganyia kitu, twanga mwenyewe polepole mbegu zisivunjike halafu chekecha.

Dogo_Temeke:
Naongezea hapo, uchanganye na maji ya moto sana kwenye kikombe kimoja cha majaribio tu, wa mhogo unavuta unakuwa kama gundi ya kubandikia karatasi. Ubuyu unakuwa mzito ila hauvuti

Mama Nasra:
Na kuuhifadhi, mkishanunua msiuache kwenye mfuko wa wazi juu ya kabati jikoni. Utie kwenye chupa au kopo linalofunga kabisa, pasipofika jua. Hewa ya pwani ina unyevu, ubuyu unaivuta, baada ya muda mchache unakuta mabonge na dudu. Mie wangu wa biashara naununua kidogo kidogo kila meli, silundiki. Juisi iliyokwisha kuchujwa ikae kwenye friji, inywewe siku mbili, ikizidi hapo inaanza kuchacha mchacho mwengine.

salalah_kwetu:
Mama Nasra ule usio na rangi unatuma Maskati?

Mama Nasra:
Natuma mwanangu, njoo pembeni tuzungumze. Wa pilipili au usio na pilipili?